Majina Yetu Manne kwenye Biblia ya Virginia

Papa wangu, uliyezikwa mbali na Likasi,

Nakuandikia kwa Kiswahili ulichokipenda, kile cha Biblia na cha barua, si hiki tunachoongea huku ughaibuni kwenye tramu na akina Maman wa kanisani. Ulikuwa unasema Kiswahili cha barabarani kibaki mlangoni pamoja na viatu. Bon, nimevua viatu. Nina jambo la kuungama kwako, na nimelichelewesha mno.

Unakumbuka Jumamosi zetu za Marolles? Ulikuwa umebeba maboksi wiki nzima kwenye ghala la Anderlecht, mgongo unakuuma, lakini hukukubali kupumzika mpaka tuzunguke lile soko la vitu vya kale lote, mimi nyuma yako nikiburuta kigari cha Maman cha mboga. Wenzako walitafuta saa na sufuria za shaba. Wewe ulitafuta Wamarekani. Ulileta nyumbani Agano Jipya dogo la mfukoni la askari wa vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, kadi za picha za shule ya Jumapili, kikombe cha bati cha Meza ya Bwana, picha ya wahubiri wenye ndevu wamesimama mbele ya hema. Maman akakuuliza kama kabati lake nalo limeokoka, maana sahani zake zilikuwa zimehamia chini ya kitanda. Ulicheka mpaka ukakohoa.

Siku moja ukaniambia yote yalikoanzia. Ulipokuwa mdogo, mmisionari Mmarekani alikupa kadi yenye picha ya Danieli na simba kwa kukariri zaburi, na kadi ikaibwa siku hiyohiyo. Tangu hapo unaitafuta, mzee mzima na mvi zako. Nilikupenda sana kwa jambo hilo, na sijui kwa nini sikukuambia.

Ile Biblia kubwa tuliitoa Laeken, kwenye nyumba ya bibi aliyekuwa amefariki, wajukuu wake wanatupa vitu nje. Ulirudi nayo nyumbani Schaerbeek kwenye tramu, umeipakata mapajani kama mtoto mchanga, na hukutaka nikusaidie. Ilikuwa ya familia moja ya Virginia. Katikati yake, pale Agano la Kale linapoishia, kulikuwa na kurasa zenye mistari za kuandikia watu wa nyumba. Ukurasa wa waliozaliwa ulikuwa umejaa. Chini kabisa, kwa wino mwingine, kulikuwa na majina yasiyo na ukoo: Isaac, Dinah, Sam. Nilikusomea, nikakueleza kwamba hao walikuwa watumwa wa nyumba ile, wameandikwa siku walizozaliwa ili mwenye mali ajue umri wa mali yake. Ulipitisha kidole juu ya majina hayo, moja moja.

Halafu ukasema, "Hawa watu wako peke yao. Tuwape ndugu."

Ni wewe uliyenifundisha kwamba anayekusanya vitabu vya kale haongezi neno wala hafuti neno. Siku ile ulivunja sharti lako mwenyewe. Kwa kuwa ukurasa wa kwanza haukuwa na nafasi, ulifungua unaofuata. Ukurasa huo ulikuwa na majina machache juu, mistari mingine mitupu. Kichwa chake kilikuwa kimeandikwa kwa zile herufi nene nyeusi zilizopindapinda, ambazo hata mwenye Kiingereza anazisoma kwa shida, na Kiingereza nyumbani kwetu kilikuwa kazi yangu.

"Béa," uliniita, "huu ukurasa unasema nini?"

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimelala kwenye sofa, kuna kijana ananiandikia kwenye simu. Niliinua jicho moja tu.

"Ni majina ya familia, Papa. Andika tu."

Ukaandika. Ulijiweka wa kwanza kama baba mwenye nyumba, kisha kaka yangu Dieudonné, kisha mimi, kila mtu na tarehe yake ya kuzaliwa, kwa Kifaransa. Ulipuliza wino ukauke. Miaka ikapita. Neema wangu alipozaliwa ulitoa Biblia tena, ukamwandika chini yangu, ukatuita tuje tuone. Nilikuja nimembeba. Hapo ndipo nilipokisoma kile kichwa kwa macho mawili. Kilisema Vifo.

Papa, ningesema siku ile ungecheka, au ungekasirika, na jambo lingeisha. Lakini ulikuwa na furaha sana. Nilisema maandishi yako ni mazuri, nikaenda kubadilisha nepi.

Mwaka uliofuata moyo wako ulisimama kwenye ngazi za jengo letu. Nikajiambia mzee hutangulia, hiyo si ajabu. Haikupita hata miezi minane, simu ikaja kutoka kwetu Likasi: lori la madini lilikatika breki kwenye barabara ya Kolwezi, na Dieudonné alikuwa mbele yake. Wa kwanza, wa pili. Unanijua, mimi si mtu wa kukimbilia mambo ya uchawi, na wanaokimbilia huwa nawacheka. Lakini kuhesabu mpaka tatu najua, na mpaka nne pia najua. Tangu siku hiyo naishi roho mkononi.

Mwezi wa nne mwaka huu nilimwita mzee mmoja mzungu anayekadiria bei ya vitabu vya kale, nikidhani Biblia ikitoka nyumbani na hofu itatoka. Alivaa glavu nyeupe, akafungua polepole, akafika kwenye ule ukurasa. Alisoma, akavua miwani, akasimama wima. Akatupa pole kwa Kifaransa kizuri sana. Alisema hajapata kuona msiba wa namna hii, baba na watoto wake wawili na kitoto kidogo namna hiyo, akauliza kama nyumba iliungua. Maman alikuwa anaingia na kahawa. Neema alikuwa chini ya meza anapaka rangi kitabu chake. Niliifunga Biblia mbele ya yule mzee. Nikamwomba aondoke kabla hajanywa kitu.

Maman aliosha vikombe vile ambavyo havikutumika. Kisha akaniuliza ukurasa ule ni wa nini, nikamwambia. Akauliza ni nani aliyekuambia uandike pale. Nami, Papa, nilisema ulikosea mwenyewe. Nilikubebesha wewe, kwa sababu maiti hajibu. Ndilo hasa nililotaka kuliungama.

Toka hapo nyumba yetu imekuwa kama nyumba yenye mgonjwa. Maman hunipigia kazini mara tatu kwa siku, nikiitika anakata. Mchungaji alikuja akaomba kwa sauti ya kusikika mpaka ghorofa ya tano, akasema Neno la Mungu haliui mtu, ila nilimwona hakuigusa Biblia hata kwa ncha ya kidole. Siku nyingine nilichukua wembe nikajaribu kukwangua jina la Neema. Karatasi ikaanza kuchanika palepale kwenye herufi ya kwanza. Nilitupa wembe, nikaenda kumwangalia alipolala mchana ule, nikaweka mkono kifuani mwake. Alikuwa mzima, anakoroma kidogo.

Sasa sikia kilichonifanya nikuandikie leo. Jumapili baada ya ibada nilifungua ule ukurasa tena, maana siwezi kukaa bila kuuangalia. Kuna jina jipya. Limebanwa kwa herufi ndogo ndogo katikati ya mstari wa Dieudonné na wangu, kwa kalamu ya bluu ya Neema ya shule. Ni jina la Maman. Wewe hukumwandika kwa sababu alikataa, alisema yeye si wa familia ya Virginia. Safari hii amejiandika mwenyewe.

Nilikwenda chumbani kwake bila kubisha hodi. Kwenye droo nilikuta dawa zake za presha, boksi tatu, hazijafunguliwa. Daktari anadhani anazimeza kila asubuhi. Nilipiga kelele, Papa, nisamehe, nilimpigia mama yangu kelele kana kwamba yeye ni mtoto aliyekosea. Yeye alikuwa amekaa kitandani anakunja vitenge.

"Mi njo niko mbele yako," akasema kwa Kiswahili cha barabarani, yaani yeye ndiye anayetangulia. "Hakuna mwenye atanipita."

Nikapiga magoti. Nikamwambia yote: sofa, simu, jicho moja. Nikamwambia kosa ni langu, hukumu kama ipo ni yangu. Hakuacha kukunja.

"Ile siku nilikuwa mu cuisine napika," akasema. "Nilikusikia."

Alijua, basi. Nilipokusingizia alijua, akanyamaza, akanihifadhi, akaenda kuchukua kalamu. Nililia mpaka Neema akaja kuuliza nani amenipiga. Maman alikubali kumeza kidonge mbele yetu, akanywa maji, akafungua mdomo nione. Leo asubuhi, wakati namwagilia maua ya dirishani, nimekikuta kidonge kile kwenye udongo.

Ameshuka na Neema kwenda kununua mkate, nawasikia kwenye ngazi wanarudi. Anapumzika kila ghorofa, na kila mara anapumzika zaidi.

Papa, sikuombi uufute ule ukurasa, najua kilichoandikwa kimeandikwa. Nakuomba kitu kimoja tu. Ukimwona Maman anakuja huko, usimpokee. Mrudishe njia aliyojia, hata akikasirika. Mwambie Béa amesema zamu si yake.

Lala, Papa. Ni mimi binti yako, mama yake Neema.