Taulo za Kuaga

Jumapili, 2 Machi 2014
Shoga yangu Precious kapiga simu. Hoteli anayofanyia kazi, mtaa wa Al Rigga, inataka mtu wa kusafisha vyumba, visa wanatoa wao, jibu kabla ya Alhamisi. Nikaenda kwa madam Ayako, bosi wangu, kumuuliza uso kwa uso, maana Machi ndio mwezi kampuni za Kijapani zinapohamisha watu wao. Mwaka jana familia mbili ghorofa hii hii zilifungasha. Mnaondoka na nyie? Kasema hapana, bado tupo sana. Binti yake Hina akianza shule atanihitaji zaidi.
Basi, Precious nimemkatalia. Kaniita bwege. Mie roho yangu kwatu — Hina leo kakataa kulishwa na mama yake, kanitaka mimi.

Jumatano, 12 Machi
Loo! Teresiah, Mkenya anayefanya kazi nyumba ya mbele, kaja kunionyesha taulo. Ndogo, nyeupe, imefungwa kwa karatasi nzuri. Eti wewe yako ya rangi gani?
 Taulo zile nazijua! Ndio desturi yao: wakihamia wanapita kwa majirani kujitambulisha, wakihama wanapita kuaga. Walipohamia hapa sinia nililibeba mimi, mlango hadi mlango. Na jana wamepita wenyewe, madam na sir, wanainama kila mlango. Mie nilitumwa nimpeleke Hina bembeani. Hata Gerishom, mlinzi wa chini, anayo yake.

Alhamisi, 13 Machi
Nimemuuliza. Hakukana. Kaangalia sakafu, kasema sir aliambiwa tangu Januari kwamba wanahamishwa.
"Nilijua ukisikia utatafuta kazi kwingine. Hina angebaki na nani?"
Halafu anitoe wasiwasi: kuna Wajapani wenzao wanaichukua nyumba, keshaongea nao, watanichukua na mimi. Kafeel mpya, mdhamini wa visa, khalas, yamekwisha. Keshaongea! Jokofu, mapazia, mashine ya kupikia wali, na mimi Joha. Mie kaniuliza nani?
Nimempigia Precious. Nafasi kapewa Mnepali. Nikaingia bafuni, nikafungulia maji, nikalia. Kanila kisogo yule mwanamke, na mie kila siku namtaja kwenye dua zangu. Imeniuma, imeniuma mno.

Ijumaa, 14 Machi
Siku yangu ya mapumziko, sijatoka. Nimejifungia chumbani, naandika. Wageni wamefika kuiona nyumba, nawasikia wanavua viatu mlangoni. Madam kaniita nilete chai.  Kaita tena, kwa sauti ile ya mbele za watu.
Sijui niseme nini nikitoka. Nikisema sitaki, visa inafutwa, narudi Unguja mikono mitupu. Nikinyamaza, nimekubali.
Hina ndiye anayewatembeza. Kijapani chake nakielewa, tumejifunza pamoja. Hapa jikoni. Hapa bafuni. Sasa wamesimama nje ya mlango wangu.
"Hapa dada," anawaambia. "Dada haendi. Dada ni wa nyumba."
Kitasa kinazunguka —