Tairi za Siku ya Harusi

Mjukuu wangu Neema,

Huku Kipawa hatujambo, ila magoti yanamsumbua bibi yako. Umeniuliza gari lako la huko Ifakara ulifunge tairi za lami au za matope.

Siku ya harusi yetu nilifunga za lami kwa sababu zilipendeza. Mvua ikanyesha, tukakwama Mbagala mbele ya wakwe zangu. Bibi yako akavua viatu.

"Wewe kaa kwenye usukani, sie tunasukuma," akaniambia.

Akasukuma na gauni lake jeupe, pamoja na mama yake. Tuliingia kanisani wenzangu wote wametapakaa tope, na mie bwana harusi peke yangu ndiye msafi. Nilishindwa kuinua uso.

Nunua za matope, mama, zile zenye kashata kubwa, yale meno ya mpira yanayong'ata tope. Zitapiga kelele kwenye lami, lakini kelele utaizoea. Aibu ile mie bado sijaizoea.

Babu yako