Siku Mgombea Alipovuka Mto

Jilo mjukuu wangu,

Huku Kulesa hatujambo. Maji yamepungua, mpunga wa mamako umechanua, na babu yako bado anagombana na nyani shambani.

Umeniuliza kura yako moja itazisaidia nini shule zetu.

Nilipokuwa na umri wako, shule yetu ilikuwa ng'ambo ya mto. Watoto walivuka kwa mtumbwi, na mto ukifurika, hakuna kusoma. Wagombea udiwani walikuja upande huu wa mto, penye barabara, wakagawa sukari, wakahutubia, wakaenda zao. Mwaka mmoja mama yangu akawaambia, "Kwa sukari tumeshukuru. Lakini hotuba tutaisikilizia shuleni. Mtumbwi uko tayari."

Mgombea wa kwetu Wapokomo alitazama maji, akatazama viatu vyake, akasema ataiona shule akishachaguliwa. Mwenzake, wa jirani zetu Waorma, ambaye hakuna kwetu aliyefikiria kumpigia kura, alivua viatu, akapanda mtumbwi akaketi kati ya watoto, ameshika kingo kwa mikono miwili.

"Na hawa huvuka hivi kila siku?"

"Kila siku," mama akajibu, akisukuma mtumbwi kwa pondo.

Tulimchagua yeye. Wazee walinuna wee! Na alipokawia kutuletea shule, akina mama walimfuata ofisini na watoto wao, wakakaa pale mpaka akawasikiliza. Shule ikajengwa upande huu.

Ndiyo hiyo uliyosomea wewe. Hata kuandika hiyo barua ya kuniuliza kura inafaa nini, ulifundishwa humo.

Bibi yako,
Hawayu