Siku Kumi za Paka Jikoni Kwako

Mama,

Minza ni mzima. Naanza na hilo kwa sababu ukiuona mwandiko wangu ulivyokaa ovyo utadhani nakuletea msiba mwingine. Ni mzima. Yuko nje anacheza rede na wenzake, namsikia kutoka hapa nilipo. Wakinyamaza kidogo nainuka kwenda kuchungulia, halafu narudi kuandika.

Ni miezi minne tangu tukuzike. Mahindi uliyopanda tumeyavuna, mimi na Baba, na pamba tumeichuma kwa kuchelewa lakini tumeichuma. Baba amerudi sokoni kwenye kazi yake ya baiskeli. Haongei. Watu wakimwamkia anaitikia, akirudi anakula, basi. Minza naye alikuwa amenyamaza. Wiki sita nzima baada ya mazishi hakusema neno zaidi ya ndiyo na hapana. Mtoto wa miaka sita, Mama. Nilikuwa nampikia, namwogesha, namsuka, naye ananitazama tu kama mgeni.

Aliyemfanya aongee ni paka. Unamkumbuka yule wa kijivu wa dukani kwa Baba Karim, mwenye sikio lililochanika? Baba Karim alifunga duka, bidhaa hazikuwepo tena, akahamia Mwanza na familia yake. Paka akabaki anazunguka Masumbwe hana kwao. Siku moja nikamkuta jikoni kwako, tumbo limemshuka, amejilaza ndani ya kapu lako la kuchumia pamba.

Unajua ninavyowaogopa paka. Ulikuwa ukinicheka, "Kabula, huyo ni kiganja kimoja cha manyoya, atakufanya nini?" Lakini macho yao siyawezi, na ile miguu isiyo na kishindo. Nilichukua fagio nimfukuze. Nilipofika mlangoni nikamsikia Minza ndani anazungumza. Alikuwa amechuchumaa mbele ya kapu, anamweleza paka kwamba Mama hayupo, amelala kule kanisani, lakini paka anaweza kukaa, Mama hatamgombeza. Nikarudisha fagio nilipolitoa.

Alizaa wanne. Minza akawapa majina, akaanza kuniuliza maswali, akaanza hata kucheka. Kila asubuhi nilikuwa namwachia paka maji na vichwa vya dagaa karibu na mlango, mimi mwenyewe sisogei zaidi ya hapo. Kazi ya kuwashika ilikuwa ya Minza.

Halafu ikaja wiki ile ya mbwa.

Mbwa alitokea upande wa juu wa soko, anatembea upande upande, mate yanamning'inia. Aling'ata mbuzi wawili kabla vijana hawajamuua kwa marungu. Kila mtu alijua ni kichaa cha mbwa. Siku mbili kabla ya hapo paka wetu alikuwa amepotea mchana kutwa, akarudi na jeraha shingoni. Sikulitilia maanani. Niliposikia habari za yule mbwa, nikaanza kuhesabu siku kwa vidole. Na kesho yake asubuhi, kabla sijajua la kufanya, Minza alichukua mtoto mmoja wa paka kapuni, na mama yake akamng'ata mkono. Hapa, kati ya kidole gumba na cha shahada. Meno yaliingia kabisa.

Sikumbuki nilivyofika zahanati. Nakumbuka tu kwamba nilikuwa nimembeba na kiatu kimoja sikuwa nacho.

Daktari wa zahanati ni yule yule aliyekuja kukuona wewe mwishoni. Alinitazama akajua mimi ni nani. Akaukagua mkono, akauliza habari za paka, nikamwambia kila kitu hadi jeraha la shingoni. Kisha akauliza, "Mna sabuni nyumbani?" Kwake hapakuwa na hata kipande, na madukani unajua ilivyo. Nikamwachia Minza, nikakimbia nyumbani, nikafungua sanduku lako. Nilijua umeficha kipande cha sabuni ya mche ndani ya kitenge chako cha Krismasi. Nisamehe, nilikitumia chote. Daktari alinionyesha namna ya kuosha, maji mengi, povu, maji tena, muda mrefu. Minza alilia hadi sauti ikakauka. Nilisugua mpaka kile kipande kikawa chembamba kama ukucha, kikaisha.

Sindano za ugonjwa ule zilikuwa zimekwisha. Daktari alisema ataagiza kwa gari litakalokwenda hospitali kubwa, lakini gari lenyewe lilikuwa halina mafuta na hakujua litapata lini. Wakati huo Baba alikuwa ameshafika, mikono imejaa grisi. Daktari akatuambia sote wawili polepole, kama anayefundisha darasa: "Yule paka asiuawe. Mfungieni. Kama alikuwa na ugonjwa siku alipomng'ata mtoto, hatamaliza siku kumi. Akiwa mzima siku ya kumi, mtoto hana kitu. Akibadilika, mniletee mtoto saa hiyo hiyo, tutamsafirisha hata kwa baiskeli. Lakini mkimuua leo hatutajua lolote."

Baba alimbeba Minza mgongoni, mimi nikatangulia nyumbani kufunga jiko. Alipofika alimlaza mtoto, akaingia ndani, akatoka na panga.

Mama, sijawahi kumzuia Baba katika jambo lolote. Nilisimama mlangoni pa jiko. Nikamwambia, "Baba, ukimuua tutakaa miezi tunamtazama Minza akinywa maji, hatujui." Alisimama pale na panga lake. Akasema, "Mama yako nilimsubiri hivi hivi. Walisema tusubiri." Hilo ndilo jambo la kwanza alilosema juu yako tangu tukuzike. Kisha akaliegemeza panga ukutani, akaniachia kufuli la baiskeli nifungie.

Siku ya pili alikuja Mzee Kashinje, balozi wetu wa nyumba kumi, na wanaume wawili wenye marungu. Habari zilikuwa zimeenea. Wengine walisema ni kichaa, wengine wakasema paka anayekuja kuzalia kwenye kapu la marehemu si paka wa kawaida, na unajua maneno kama hayo ya uchawi yanavyoishia huku kwetu. Nilimwamkia balozi shikamoo. Alikuwa mpole. Alisema, "Mwanangu, watoto ni wengi hapa mtaani. Fungua mlango tuumalize huu mzigo." Nikawaza, nikikataa watasema nina sababu zangu. Nikifungua, Minza.

Baba ndiye aliyejibu. Alitoka na kigoda chake, akakiweka mbele ya mlango wa jiko, akakaa. "Balozi," alisema, "paka huyu ana siku nane. Zikiisha, njoo na marungu yako, nitakufungulia mwenyewe." Balozi akawaambia wenzake waondoke. Kuanzia siku hiyo Baba alihamishia kazi yake nyumbani. Alikaa pale pale mlangoni, anaziba pancha, anakaza spoku, anaangalia njia.

Mimi kazi yangu ilikuwa kuingia. Mara mbili kwa siku nilifungua kufuli, nikasukuma sahani kwa mti mrefu, nikasimama kumtazama. Amekula? Anatembea sawasawa? Ana mate? Yeye naye alinitazama. Ninaota yale macho hadi leo. Nikitoka, namtazama Minza vile vile. Amekula? Amekunywa maji? Mbona ameshika koo? Mtoto akawa ananiogopa mimi.

Siku ya sita paka hakula.

Nilijiambia ameshiba. Jioni yake maji nayo hakugusa. Alikuwa amejiingiza nyuma ya kuni, anaunguruma, na watoto wanalia kapuni peke yao. Nilitoka nje nikamwambia Baba, "Hanywi maji." Sikuhitaji kusema zaidi. Baba aliweka chini spana. Alikwenda ndani kumwangalia Minza, akarudi, akasema, "Nenda kamwambie daktari. Mimi naandaa baiskeli."

Daktari alinisikiliza, akaniuliza maswali. Anayumba? Taya imelegea? Kisha akasema, "Ana watoto wachanga. Umeyaangalia matiti?" Sikuwa nimeyaangalia. Ningeyaangaliaje, Mama, mimi nisiyeweza kusogea. Akasema, "Kayaangalie kwanza. Usimguse kwa mikono mitupu."

Baba alikata mipira ya ndani ya baiskeli akanifunga mikono yote miwili, kuanzia vidoleni hadi juu ya viwiko, tabaka juu ya tabaka. Alikuwa anafunga taratibu, anavuta kila mkunjo. "Ng'wana wane, mwanangu," alisema, "nifanye mimi." Lakini yeye ndiye mwenye nguvu za kumshika. Akamfunika kwa gunia, akambana chini, paka akapiga kelele ambayo sitaki kuisikia tena. Niliinua gunia kidogo. Ziwa moja la nyuma lilikuwa limevimba, jekundu, gumu kama jiwe.

Nikakumbuka ulivyomfanyia mbuzi wetu. Maji ya uvuguvugu yenye chumvi, kitambaa, unabandika, unakanda, unabandika tena. "Usimwonee huruma, unamsaidia," ulikuwa unaniambia nikigeuza uso. Safari hii sikugeuza uso. Nilikanda hadi usaha ukatoka. Alining'ata mara mbili, meno yakaishia kwenye mpira. Watoto wake niliwapa maziwa ya mbuzi kwa kitonge cha pamba. Mmoja, mdogo kuliko wote, alikuwa ameshakufa. Nilimzika nyuma ya jiko na sikumwambia Minza hadi kesho yake.

Lakini bado sikujua. Ziwa linaweza kuvimba na kichaa kikawepo pia, ndivyo nilivyowaza. Tulikanda tena asubuhi. Nikamwekea maji, nikarudi nyuma hadi ukutani, nikasubiri. Alijikokota kutoka nyuma ya kuni. Aliinamia sahani, akakaa hivyo. Halafu nikasikia ulimi wake kwenye maji.

Nilitoka nikamwita Baba aje asikie. Tulisimama wawili mlangoni tunamsikiliza paka akinywa maji.

Siku ya kumi daktari alikuja mwenyewe na baiskeli yake. Balozi naye alikuja, bila marungu. Paka alikuwa ananyonyesha watoto watatu kana kwamba hajui habari. Daktari alimtazama akila, akitembea, akijilamba. Akasema, "Mtoto hana kitu." Balozi alitoa kofia, akampa Baba mkono, kisha akanipa na mimi. Minza alimshukuru paka kwa Kisukuma, "wabeja," kupitia dirishani. Baba aliingia ndani akafunga mlango, nikamsikia analia. Hakulia kaburini, Mama, ulikuwa unajua kwamba hatalia. Alilia siku hiyo.

Ningeweza kuishia hapa. Lakini kuna jambo sijalisema kwa mtu yeyote, na ndilo lililonifanya nichukue daftari hili.

Nimekuandikia kwamba Minza alichukua mtoto wa paka kapuni. Ni kweli, alimchukua. Mimi ndiye niliyemtuma. Asubuhi ile nilikuwa nimeamua kumtoa paka jikoni kwa sababu ya yule mbwa. Nilitaka watoto wake watolewe kwanza wawekwe kwenye boksi, naye atawafuata. Niliogopa kuingiza mkono kwenye lile kapu. Nikamwambia Minza, "Wewe amekuzoea, nitolee mmoja mmoja." Alisita. Aliniambia, "Dada, leo ana hasira." Nikamwambia, "Hebu fanya haraka."

Nilijua habari za mbwa. Nilijua habari za jeraha. Nikamtuma mtoto.

Nimeacha kuandika hapo jana. Sikuweza kuendelea. Leo asubuhi nimekwenda pale Baba anapofanyia kazi, nikamwambia yote nikiwa nimesimama, kama nilivyokuandikia wewe. Alikuwa amezamisha mpira kwenye beseni anatafuta tundu. Hakuinua kichwa. Akasema, "Najua. Minza aliniambia siku ile ile, nilipombeba kutoka zahanati."

Nikamuuliza mbona hakusema.

"Ulikuwa na hofu ya kukutosha," alisema. Kisha akanionyesha mahali povu linapotokea, akanipa kipande cha msasa nimsaidie kusugua.

Nimesugua, Mama. Tumeziba mpira mmoja, na mwingine.

Watoto wa paka wamekua, wanapanda hadi kwenye mafiga. Mama yao bado siwezi kumshika bila moyo kunienda mbio, na ziwa lake nimelikanda hivyo hivyo hadi limepona. Minza nimemsuka leo. Amelalamika kwamba navuta sana, kwamba wewe ulikuwa huvuti. Nimefurahi kusikia analalamika.

Sasa pumzika, Mama. Nakuahidi kitu kimoja tu, maana vingi siviwezi: mahali ninapoogopa kuingiza mkono wangu mwenyewe, sitamtuma Minza.

Mwanao,
Kabula