Kopi ya Ukuta wa Kliniki

Wangari dada yangu,

Hapa Chaka ukungu umemeza mlima, na mbuzi choma inapoa kabla haijafika mdomoni.

Nimekula na wachapishaji wawili wa majarida ya utabibu. Kila mmoja anautaka utafiti wetu wa akina mama wanaopungukiwa na damu. Mwenye jarida la sifa akasema ukichapishwa kwake, ni marufuku hata wewe, muuguzi wa Othaya, kuupiga kopi. Wa pili atauweka kwenye intaneti, yeyote asome bure.

“Na nani atakagua kazi?” nikamuuliza.

“Madaktari watatu, na ni wakali.”

Nimempa huyo. Mkubwa wangu kazini, anayetaka jarida la sifa, akikasirika, shauri yake.

Vaa sweta, dada. Uache nafasi ukutani, pale akina mama wanapongoja kliniki. Nitakuletea kopi ubandike. Damu tuliyopima ni yao.

Mdogo wako,
Muthoni