Ngano Iliyokataa Kutu

Shamba la Ngano, Balangdalalu
20 Julai 1985

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo mama. Goti linaendeleaje na baridi ya Dongobesh? Yule ng'ombe mwekundu ameshazaa? Mimi ni mzima kabisa, ila jua la huku limenichoma mpaka ukiniona utauliza huyu binti wa nani.

Leo nakuandikia nikiwa nimevimba kichwa, unisamehe. Mwezi wa tano ugonjwa wa kutu uliingia kwenye ngano. Majani yakajaa vumbi la rangi ya chungwa, ukipita shambani gauni linabadilika rangi. Hata vitalu vya majaribio viliungua, isipokuwa kimoja. Hicho ni cha kwangu, mama.

Ndiyo ile kazi uliyoicheka, eti serikali inanilipa niivalishe ngano mifuko ya karatasi. Miaka sita nimetoa chavua kwenye masuke machanga kwa kibano, nikaleta chavua ya ngano nyingine, nikafunika, nikangoja. Bwana Akonaay, mtaalamu wetu, alipiga magoti kitaluni akageuza jani moja moja, akasema mbegu hii itapandwa mashamba yote ya Hanang. Halafu akaniuliza mbele ya wageni nilikoipata mbegu niliyoanza nayo.

Ilitoka kwenye kibuyu chako. Nilikuomba ile mbegu ya bibi isiyoshikwa na kutu, ukasema mbegu ya nyumba haitoki kwenda kwa watu. Basi nikaiiba yote. Ulipokuta kibuyu kitupu ulisema wifi Zita wa kaka Alfredi amewapikia watoto wake, ukamwambia hivyo mbele ya wanawake wa jumuiya, na mpaka leo humruhusu kugusa mbegu. Nami nilikuwa nimesimama pale pale na birika la chai mkononi. Nilikuogopa, mama. Zita alilia, mimi nikamimina chai.

Jana nilimweleza Bwana Akonaay yote. Akaguna, kisha akauliza ngano iitwe nani. Kwenye daftari la serikali, kwa wino, imeandikwa Zita.

Kifurushi hiki ni mbegu ya kwanza. Tafadhali usikifungue wewe. Mpe yeye, mbele ya wanawake wale wale, aipande kwa mkono wake. Nikija Krismasi unichape, nitainama mwenyewe.

Nisalimie kaka Alfredi na watoto wake. Zita nimemwandikia barua yake peke yake.

Mwanao akupendaye,
Hilaria