Dada Mena, Maziwa Yako Hayakuwa na Sumu

Dada Mena,

Na ndiyo, kabla hujaniuliza mara ya pili, zimerudi. Siku zangu zimerudi huku mtoto bado ananyonya, na ile likizo uliyoniahidi imevunjika katikati.

Najua unaikumbuka. Ulikuwa umekaa kwenye kigoda jikoni kwa mama, Uru, unamnyonyesha Upendo akiwa mchanga kabisa, na mimi niko na sketi ya shule nimejikunja kwa maumivu ya tumbo. Wewe ndiye uliyenifundisha kukunja vitambaa, ukachana kitenge chako cha njano ili nipate vya kuanzia. Siku ile ukanicheka. "Vumilia, mdogo wangu. Ukizaa utapewa likizo. Unayenyonyesha huoni kitu, wala hushiki mimba. Mungu katuonea huruma hapo tu."

Nilikuamini. Ungeniambia mwezi unalala kwenye mgomba wetu ningekuamini pia.

Ngoja kwanza nikueleze furaha yangu, maana sina mwingine ninayeweza kumwambia bila kuchekwa. Nimeolewa, dada! Mwaka wa pili haujaisha tangu harusi, na bado nikisikia hatua za Aloyce nje ya mlango natengeneza kanga yangu kama msichana anayesubiri mchumba. Anauza mitumba sokoni Bomang'ombe. Kila akifungua belo jipya, nguo ya kwanza nzuri anaificha chini ya meza aniletee mimi. Amenipa gauni la bluu lenye vifungo mbele. Akaniambia, "Nimelichagua hili ili usihangaike kunyonyesha. Nimefikiria, umeona?" Mwanaume anayefikiria vifungo! Nililia, akadhani gauni halijanipendeza.

Mtoto tumempa jina la mama yake Aloyce, kama ilivyo desturi. Lakini tukiwa wawili tu, yeye na mimi, ninamwita Mena. Anaitika. Wakati mwingine anaacha titi, anacheka huku akitazama nyuma ya bega langu, na mimi sigeuki. Naendelea kuimba, lakini shingo yangu inakuwa baridi.

Basi zilirudi akiwa na miezi mitano. Doa tu, la kahawia, kama mtu aliyepiga hodi akaondoka. Nikatafuta vitambaa, na mikono yangu ikavikunja ulivyonifundisha, upindo wako uleule. Mwezi uliofuata sikuona kitu. Na uliofuata tena, kimya. Kisha asubuhi moja nikachemsha maziwa, harufu yake ikanipanda kooni, nikashika ukuta. Sikujiona mimi tena, dada. Nilikuona wewe, Krismasi ile.

Ulishuka kutoka kwa mumeo Mwika na Upendo mgongoni. Mama akakupa mtori wa ndizi, ukausukuma. Nikakuuliza kama unaumwa, ukaninong'oneza, "Zilikuja kidogo zikapotea. Ndio mambo ya kunyonyesha." Ulikuwa unatabasamu. Hukujua kuwa una mimba. Lakini wanawake waliokuja kupika walimtazama mtoto, wakakutazama wewe.

"Yeleuwi! Huyu mtoto mbona shingo nyembamba hivi?"

"Mama yake anajua."

"Mmembemenda mtoto, Mena! Hamkuweza kusubiri hata aote meno?"

Wakacheka. Nilikuwa sijui maana ya neno lile, nikamuuliza mama baadaye. Akasema ni mzazi anayepata mimba juu ya mtoto anayenyonya, maziwa yanageuka sumu na mtoto anakauka. Siku ileile ulikata jani la mshubiri nyuma ya zizi, ukajipaka matitini, ukajifunga kifua kwa kanga. Upendo alionja, akakutazama. Kisha akalia mpaka sauti ikakatika, na wewe umekaa kando yake umeziba masikio, machozi yanadondoka kwenye magoti yako.

Ulirudi Mwika, ukajificha. Hukwenda kliniki, ili wasikuone wale wanaopanga foleni na kuhesabu miezi kwa vidole. Masika uchungu ukakuanza kabla ya wakati. Barabara ilikuwa tope tupu, wakakushusha kwa kitanda mabegani, na damu haikusubiri gari. Wamekulaza pale pale kwa mumeo, chini ya migomba, na kichanga chako ubavuni.

Ndiyo maana sikumwambia mtu. Nilivaa gauni la bluu, nikapika, nikacheka. Hata Aloyce nilimficha, mimi ambaye namwambia mpaka ndoto. Lakini mama yake alikuwa amekuja kukaa nasi, na mama mkwe, dada, anaona hata kilichoanikwa nyuma ya mlango.

"Mwanangu, ulishaona siku zako?"

"Niliona, mama. Mara moja."

"Basi maziwa yameshachafuka. Na sasa huoni tena? Ndio kabisa, ni mimba. Mwachishe huyu mtoto kabla hajakauka."

Hakusema kwa ubaya. Alinipikia mtori na supu miezi mitatu nikiwa mzazi, hakuniacha nishike hata ndoo. Saa hiyohiyo akaniletea jani la mshubiri kwenye sahani, limekatwa, linachuruzika.

Nilichovya kidole. Mtoto alikuwa mapajani, anavuta vifungo vya gauni kwa hamu yake yote. Nikakipeleka kwanza ulimini mwangu. Ulikuwa uchungu wa kuziba masikio. Hapo nikakisikia kilio cha Upendo, kimetoka jikoni Uru miaka yote hiyo kikaja kunitafuta Bomang'ombe. Na mtoto wangu akatazama nyuma ya bega langu, lakini safari hii hakucheka.

Nikaiacha sahani pale, nikambeba mtoto, nikaenda sokoni pekupeku. Aloyce alikuwa amepandisha sweta juu, ananadi. Nikamwambia mbele ya marundo yake ya nguo, "Naogopa nitakufa kama dada yangu." Nikamweleza yote. Siku ya soko, dada, wateja wamejaa! Alifunika meza kwa turubai, akamwambia jirani, "Nitazamie hapa," akachukua mtoto. Kwenye basi la Moshi hakuuachia mkono wangu.

Nesi tuliyemkuta kliniki alikuwa mama mtu mzima, mwenye maneno. Aloyce alikuwa anauliza kabla sijafungua mdomo, mpaka nesi akamwambia, "Baba, nani ananyonyesha hapa, wewe au yeye?" Nikacheka. Wakapima mkojo wangu, tukasubiri kwenye benchi. Aloyce alikuwa anaomba, niliona midomo yake.

Hakuna mimba.

Harufu ya maziwa, alisema nesi, ni hofu na kutokula. Akanieleza polepole, na mimi nilisikiliza kwa masikio yangu na yako. Kwamba mwili wa anayenyonyesha haufuati kalenda. Siku zinaweza kukosekana muda mrefu, zikaja doa, zikapotea, zikarudi nzito, mpaka mtoto apunguze kunyonya ndipo zitulie. Kwamba ile likizo ipo kweli, ila ni fupi. Ni kwa mtoto asiyefika miezi sita, anayenyonya usiku na mchana bila uji wala maji, na mama asiyeona damu hata kidogo. Likikosekana moja kati ya hayo, mimba yaweza kuingia. Na yaweza kuingia hata kabla ya kuona siku zako za kwanza, ukabaki unadhani bado uko likizo. Akatueleza na njia za kupanga ambazo haziharibu maziwa. Tumechagua, mimi na Aloyce, pamoja.

Nilikuwa nimeshasimama kuondoka nikamuuliza swali lako. "Na yule anayepata mimba huku ananyonyesha, maziwa yake yanamdhuru mtoto?"

"Nani kakudanganya? Kuona siku zako hakuchafui maziwa. Mimba nayo haiyageuzi sumu. Yanaweza kupungua, basi mtoto anaongezewa chakula, mama anakula vizuri, anakuja kliniki tumwangalie. Huyo ni wa kusaidiwa, si wa kuchekwa."

Nikakaa tena kwenye benchi. Si wa kuchekwa, Mena.

Mama mkwe tulipomweleza aliichukua sahani akaimwaga nje mwenyewe. Jioni alinipa mtoto, akasema, "Mnyonyeshe, ana njaa." Na wiki iliyopita siku zangu zikaja tena, nyingi, na mtoto ananyonya na shingo yake ni nene kama ya ndama.

Lakini kuna jambo moja sijakuambia. Siku ya harusi yangu Upendo alikuja kushika maua. Yuko darasa la tatu, mwembamba, macho ni yako. Alinivuta shela akaniuliza, "Mama mdogo, ni kweli mama aliniharibu na maziwa yake? Shuleni wananiita mbemendwa." Sikuwa na jibu, dada. Tarumbeta zilikuwa zinalia, watu wanashangilia, na mimi katikati ya furaha yangu yote nilikuwa simjui wa kumtetea kati yenu wawili.

Sasa ninalo jibu. Nimeshamwambia Aloyce, naye ameshanitafutia kigauni cha Upendo chenye mifuko. Tutapanda Mwika sote. Nitakaa kando yako chini ya migomba, nitafungua vifungo na kumnyonyesha mwanangu wazi, siku zangu ziwepo zisiwepo, na Upendo akiwa ameniegemea. Nitamwambia alinyonya maziwa mema, na kwamba ulilia kuliko yeye siku ile. Na mtoto akitazama nyuma ya bega langu, safari hii nitageuka.

Nisubiri, dada. Kabla mwezi huu haujaisha nitakuwa hapo.

Mdogo wako, uliyemfundisha kukunja vitambaa